Habari za Neno Lustrum na Maandamano ya Mashambani

Mwalimu mmoja wa upande wa Karatu alitujia na kitabu cha Misa cha zamani, cha Kilatini, alichorithi kwa katekista aliyekwisha fariki. Alikuwa ameweka kijiti penye tarehe 25 Aprili, sikukuu ya Mtakatifu Marko, mahali palipoandikwa habari za Litania Kubwa na maandamano yake. Akatuuliza maneno mawili. La kwanza, kwa nini Kanisa liliwatoa watu nje siku ile wakaandamane huku wakiimba litania na kuomba mazao. La pili, ambalo kwa kweli ndilo lililomleta, lilikuwa hili: "Babu yangu alikuwa mmoja wa wazee wa aya. Wao nao walizunguka mpaka wa nchi, wakatoa mnyama, wakaomba mvua na afya. Alipotaka ubatizo aliambiwa aliache jambo lile, naye aliliacha, wala hakurudi nyuma. Sasa nasoma ya kuwa padre naye alitoka kwenda kuzunguka. Je, Babu aliacha nini?"

Siku ile hatukumjibu. Swali la namna hii halijibiwi mlangoni. Lakini tulipoombwa kuandika kitu katika kitabu hiki cha yubilei tulilikumbuka, kwa maana twajua ya kuwa walimu wengine nao wamekwisha ulizwa hivyo na watoto wao darasani, na wengine wamejiuliza wenyewe kimya.

Jibu laanza mbali kidogo, kwa neno moja la Warumi wa kale, nalo ni lustrum. Watu waliosoma seminari hulijua kwa maana moja tu, yaani muda wa miaka mitano. Maana hiyo ni ya haki, nasi tukiitumia twaweza kusema ya kuwa jimbo letu la Mbulu, lililofanywa jimbo kamili mwaka 1953, lilitimiza lustra 14 mwaka 2023. Lakini hiyo ni kivuli tu cha neno lenyewe. Kabla halijawa hesabu ya miaka, neno hili lilikuwa jina la ibada: ibada ya kutakasa kwa kuzunguka.

Asili yake wataalamu wameigombania tangu zamani. Varro, mwanachuoni wa Roma aliyeishi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, asema ya kuwa latoka katika luere, maana yake kulipa, kwa sababu kila mwaka wa tano hesabu za ushuru wa dola zilifungwa na kulipwa mbele ya wale wakubwa walioitwa censores. Wengine wasema kwamba luere hiyo maana yake ya kwanza ni kuosha, nayo ni ndugu ya lavare. Basi lustrum ni maosho. Na wengine tena, wa siku hizi zaidi, walitoa katika lux, yaani nuru. Kwa kuwa kitenzi lustrare chaweza kuwa kutakasa, na kuzunguka, na kupita ukikagua, na tena kuangaza kama jua liangazavyo nchi likizunguka mbinguni. Kulipa, kuosha, kuangaza: njia ni tatu, wala hatuoni kwamba mmoja amewashinda wenzake kabisa. Sisi twaegemea upande wa kuosha, lakini twamsikitikia Varro kumwacha, maana katika matendo ya Warumi malipo yalikuwamo, kama tutakavyoona.

Liko na neno jingine linaloandikwa vile vile, lustrum, ila irabu ya kwanza ni fupi. Nalo ni dimbwi la matope, au pango na malalo ya wanyama wa mwitu. Hilo si mtoto wa mama mmoja na lile la kwanza, ingawa wanafunzi wengi wamelichanganya. Twalitaja kwa sababu sisi wa huku tunazo lustra za namna hiyo karibu sana: nyati wanaogaagaa katika matope ya bonde la Ngorongoro wamo katika lustrum, nao hawatakasiki.

Sasa tutazame ibada yenyewe. Aliyeiandika kwa unyofu kuliko wote ni Cato, mkulima na mkuu wa serikali, katika kitabu chake cha kilimo alichokitunga katikati ya karne ya pili kabla ya Kristo. Kitabu hiki chaeleza namna ya kukamua zeituni, na kumtunza ng'ombe mgonjwa, na kupika maandazi; na katikati ya mambo hayo chaeleza namna ya kutakasa shamba. Wanyama ni watatu: nguruwe, kondoo na ng'ombe dume, nao wawe wachanga wanaonyonya bado. Warumi waliyafunga majina yao matatu pamoja wakaita sadaka hiyo suovetaurilia. Wanyama wale huzungushwa pande zote za shamba; kisha bwana shamba atoa divai kwa Jano na kwa Jupita, halafu amwomba Mars. Nasi tuliozoea kusikia ya kuwa Mars ni mungu wa vita twashangaa kidogo, maana hapa aombwa kama mlinzi wa shamba: azuie magonjwa yaonekanayo na yasiyoonekana, azuie ukiwa na uharibifu na hali mbaya ya hewa; aache nafaka na mizabibu ikue; awaweke salama wachungaji na mifugo; ampe afya mwenye nyumba na jamaa yake.

Mkulima yeyote wa Karatu akisomewa maombi yale kwa lugha yake ataitika bila kuulizwa. Ila baada ya maombi Cato aongeza jambo la ajabu. Ikiwa sadaka haikupokewa, ishara za matumbo zikawa mbaya, bwana shamba hakati tamaa wala hajiulizi kama moyo wake una kosa. Atoa mnyama mwingine, na kusema ya kuwa kama jambo lolote katika wale wa kwanza halikumridhisha Mars, basi huyu ni wa kulipia upungufu ule. Hapo ndipo twamkumbuka Varro na neno lake la kulipa. Ibada ilikuwa kama mkataba: maneno yatamkwe sawasawa, mnyama awe kamili, na deni likibaki lilipwe.

Wakulima wote pamoja walikuwa na sikukuu ya namna hiyo katika mwezi wa Mei, iliyoitwa Ambarvalia, maana yake kuyazunguka mashamba. Virgilio, mshairi mkubwa, aagiza mnyama azungushwe mara tatu penye mazao mapya, na watu wote wafuate kwa shangwe. Tibullo aeleza ya kuwa siku ile jembe lilitundikwa, ng'ombe walipumzika, na watu walivaa nguo safi. Hata mwezi wa Februari, ambao watoto wetu huutaja kila mwaka bila kujua, jina lake latoka katika februa, yaani vitu vya kutakasia.

Wala si mashamba tu yaliyozungukwa. Jeshi lilizungukwa kabla ya vita. Mtoto mchanga alikuwa na siku yake, dies lustricus, siku ya nane kwa msichana na ya tisa kwa mvulana, ndipo alipotakaswa na kupewa jina. Kabla ya hapo hakuhesabiwa kuwa mtu wa nyumba. Na zaidi ya yote, taifa zima lilizungukwa. Mkumbuke ya kuwa censores walikuwa wawili, nao kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwahesabu raia na mali zao. Hesabu ikiisha, raia walikusanyika nje ya mji katika Uwanja wa Mars wakiwa wamepangwa kama askari, na nguruwe, kondoo na fahali wakazungushwa mara tatu kuwazunguka wote, kisha wakachinjwa. Tendo hilo ndilo lililofunga hesabu, nalo ndilo hasa lililoitwa lustrum. Livyo asimulia kwamba mfalme Servio Tullio ndiye aliyeanza, na ya kuwa watu walioandikwa mara ile walikuwa 80,000. Idadi hiyo twaipokea kama hadithi za kale zipokewavyo.

Kwa kuwa hesabu ilipasa kufanywa kila mwaka wa tano, neno likageuka kuwa jina la miaka mitano. Lakini kupasa si kutenda. Mwandishi Censorino, wa karne ya tatu baada ya Kristo, alifanya hesabu akaona ya kuwa tangu lustrum ya Servio hata ile ya mwisho, aliyoifanya Kaisari Vespasiano pamoja na mwanawe Tito, ilipita miaka pungufu kidogo ya 650, na lustra zilizofanywa zilikuwa 75 tu. Kama zingalifanywa barabara zingalikuwa karibu 130. Vita na ugomvi wa wakubwa vilizuia nyingine zote. Augusto, ndiye yule Kaisari atajwaye katika Injili ya Luka sura ya pili, alijisifu katika maandiko yake ya kwamba alifanya lustrum baada ya kuachwa kwa miaka zaidi ya arobaini, akahesabu raia 4,063,000 mwaka 28 kabla ya Kristo. Mara ya pili, mwaka wa 8 kabla ya Kristo, raia 4,233,000. Na mara ya tatu, mwaka 14 baada ya Kristo, raia 4,937,000. Walimu wasichanganye hesabu hizi na ile iliyompeleka Yosefu Bethlehemu. Hizi zilikuwa za raia wa Roma, siyo za watu wa majimbo.

Katika habari zote za lustrum iko moja ambayo twaipenda kupita nyingine. Valerio Maximo asimulia ya kuwa Scipio Aemiliano, aliyeibomoa Kartago mwaka 146 kabla ya Kristo, alikuwa censor miaka minne baadaye, na siku ya kufunga hesabu mwandishi akamsomea maombi ya desturi kutoka katika kitabu cha serikali. Maombi yale yaliwataka miungu waiongeze dola ya Roma na kuikuza. Scipio akamkatiza. Alisema ya kuwa imekwisha kuwa njema na kubwa ya kutosha; basi yeye aomba ilindwe salama siku zote. Akaamuru kitabu kisahihishwe hivyo. Wako wanahistoria wasioamini kwamba jambo hili lilitokea. Lakini hata kama ni hadithi, Warumi wenyewe waliisimulia, nayo yaonyesha ya kuwa walijua jambo moja: mzunguko waweza kubaki ule ule, na mnyama yule yule, lakini ombi likabadilika, na ombi likibadilika ibada si ile tena.

Upande mwingine wa mzunguko hatuna budi kuutaja, ingawa haupendezi. Anayezunguka huwaweka wengine ndani na wengine nje. Katika mji wa Gubbio huko Italia yamehifadhiwa mabamba saba ya shaba, yenye maagizo ya ibada za watu wa kale wa mji ule, ndugu za Warumi kwa lugha. Maagizo ya kuwatakasa watu wa mji yaanza kwa kuwafukuza wageni: watajwa kwa majina ya mataifa yao, waamriwa watoke, na asiyetoka arudishwe kwa nguvu mahali pampasapo. Kisha ndipo mzunguko waanza, mara tatu. Usafi wa ndani ulinunuliwa kwa kufukuzwa kwa mtu wa nje.

Kiswahili chenyewe, tukikitazama vizuri, kina neno lililo karibu sana na lustrare. Kuzinga ni kuzunguka. Na kuzingua, kwa maana yake ya kale, ni kumwondolea mtu au mahali ubaya uliomshika. Na zinguo ni dawa au tendo la kufanyia hivyo. Tazameni namna lugha hizi mbili zilivyofikiri. Kwa Mrumi, mtu ndiye azungukaye, na kuzunguka kwake kwasafisha. Kwa Mswahili, ubaya ndio uliozunguka kwanza, na tendo la kutakasa ni kuufungua mzingo wake, kama mtu afunguavyo kamba. Na katika miji ya pwani desturi ya kumzungusha ng'ombe mjini kwa dua kisha kumchinja, ili kuondoa balaa, yajulikana tangu zamani. Hivi basi yule mzee wa Karatu hakuwa peke yake duniani.

Na sasa tumemfikia yeye. Wairaqw, ambao serikali za kikoloni ziliwaita Wambulu, walitoka katika nchi yao ya Irqwar Da'aw wakaenea, na katika karne ya 20 wengi walipanda kaskazini hata Karatu, penye ardhi nyekundu chini ya misitu ya Ngorongoro. Nchi yao waliigawa kwa aya, kila aya na wazee wake na msemaji wake, kahamusmo. Robert Thornton, aliyekaa kwao na kutoa kitabu juu yao mwaka 1980, alitambua kwamba mipaka ya aya haikuwekwa kwa vigingi wala kwa ramani. Iliwekwa kwa ibada. Ibada hiyo ndiyo masay. Wazee waliisimamia, mnyama alitolewa, mpaka ulizungukwa, na nchi iliyo ndani ikahesabiwa kuwa imetakaswa na kulindwa na magonjwa, na ukame, na mabaya yatokayo nje. Nchi isiyofanyiwa hivyo ilikuwa pori, hata kama watu wamekwisha jenga. Walimwomba Lo'a, ambaye walimtaja kama mama, mwenye jua na mvua. Na waliwaogopa netlangw, roho za mitoni na za chemchemi. Na katika mikutano yao mzee mmoja alisimama akasema slufay, yaani maombi marefu ya kishairi, na wenzake wakamwitikia kila mkato. Tuliosikia slufay hata siku hizi, katika arusi za Wakristo, twajua ya kuwa hakuna litania iliyowashangaza watu hawa walipoisikia mara ya kwanza. Walikuwa wamezoea kuitika.

Lakini duara la aya nalo lilikuwa na walio nje. Msichana aliyechukua mimba kabla ya ndoa alihesabiwa kuwa hatari kwa nchi nzima, mvua yaweza kukataa kwa ajili yake; naye zamani aliweza kutolewa nje ya mpaka aende kwa watu wa kabila lingine. Na waliopatwa na misiba ya namna fulani walitengwa na jirani kwa miezi. Twasema haya si kwa kuwashutumu wazee, maana tumekwisha ona ya Gubbio. Twasema kwa kuwa yeye aulizaye babu yake aliacha nini hana budi kuhesabu vyote vilivyokuwamo.

Turudi kwa Kanisa na ile tarehe 25 Aprili. Siku hiyo hiyo Warumi wapagani walikuwa na sikukuu ya Robigalia. Robigo maana yake ni kutu, yaani ule ugonjwa wa kutu ya ngano ambao wakulima wa ngano wa Karatu na Mbulu wanaujua mno. Nao Warumi waliufanya kuwa mungu wa kuombwa asije. Ovidi asimulia ya kuwa alikutana na watu wenye nguo nyeupe wakiandamana, na kuhani akateketeza matumbo ya mbwa na ya kondoo. Wakristo wa Roma walipokuwa wengi, siku ile ile waliandamana wakiimba litania, wakatoka mjini kwa barabara ya Flaminia mpaka daraja la Milvio, kisha wakarudi kwa Mtakatifu Petro. Gregorio Mkuu aitaja litania hiyo katika mwaka 598 kama jambo lililokwisha zoeleka. Wako wasemao kwa haraka ya kuwa basi Kanisa liliiba sikukuu ya wapagani. Sisi twaona ya kuwa tarehe yafanana mno kuwa bahati tu, na hatuoni sababu ya kulificha. Ngano ya Italia yawa hatarini mwishoni mwa Aprili, aliye mpagani na aliye Mkristo. Kila mtu mwenye shamba angaliomba siku zile.

Lakini maandamano mengine, yale ya siku tatu kabla ya Kupaa kwa Bwana, yana asili yake mbali na hiyo. Yalianza Vienne, katika nchi iliyo leo Ufaransa, karibu na mwaka 470. Mji ule ulikuwa umepatwa na matetemeko na moto, watu wakaanza kuuhama. Askofu Mamerto akawaita wafunge na kuandamana siku tatu wakimwomba Mungu rehema. Hapo hapakuwa na Ambarvalia. Palikuwa na hofu na toba. Mtaguso wa Orléans wa mwaka 511 ukaamuru siku hizo zishikwe katika Galia yote, na mwishowe Roma nayo ikazipokea. Baadaye watu wa mashamba wa Ulaya wakazishika kama siku za kubariki mbegu na mipaka ya parokia, na mambo mengi ya kuzunguka yakaingia tena kwa mlango wa nyuma. Zikadumu hivyo hata mwaka 1969, kalenda mpya ilipowaachia mabaraza ya maaskofu wapange wenyewe siku na namna ya maombi haya. Tendo hilo twalisifu. Kalenda ya Roma haikuandikwa kwa ajili ya masika yetu; tarehe 25 Aprili huku mvua yaweza kuwa imejaa njiani, na haja ya kuomba ilikuwa tangu mwezi wa pili, wakati mtu anatazama mawingu na mbegu imo mkononi.

Hata neno lenyewe halikutoka kanisani. Maji ya baraka kwa Kilatini yaitwa pia aqua lustralis. Na katika ibada ya zamani ya kutabaruku kanisa, askofu alilizunguka jengo kwa nje mara tatu akinyunyiza kuta, milango ikiwa imefungwa. Mara tatu! Cato angalisimama akatazama.

Basi, yule mzee aliacha nini? Twajibu kadiri tuwezavyo. Hakuacha kuzunguka, kwa kuwa kuzunguka si mali ya mapagani wala ya Wakristo. Ni namna ya mtu yeyote aonyeshaye kwa miguu yake kipande cha nchi anachokiombea. Hakuacha kuomba mvua. Aliacha mambo mawili. La kwanza ni malipo, lile deni la mnyama juu ya mnyama, kwa sababu Mkristo aungama ya kuwa sadaka imekwisha tolewa mara moja, wala hakuna kilichopungua cha kuongezwa. La pili ni ule mstari wa kumtupa mtu nje ili walio ndani wawe safi. Msichana yule aliyefukuzwa kwa ajili ya mvua hakuwa na sehemu katika masay. Katika litania anayo, hata kama majirani hawapendi.

Hilo ndilo jibu letu. Lakini hatutakuwa wakweli tukiishia hapo, kwa maana mzee hakufafanuliwa hivyo. Aliambiwa tu aache. Wale waliomwambia walikuwa watu wema, waliokuja mbali na kuvumilia mengi, tangu siku za misioni ya Tlawi mwanzoni mwa karne ya 20. Na baadhi yao walitoka vijijini Ulaya ambako mama zao walikuwa wakiandamana mashambani kila mwaka kabla ya Kupaa. Walikuwa na lustrum yao mfukoni wasiitambue ya mwenzao. Wangalimwuliza mzee, "Wamwomba nani, na kwa maneno gani?", labda wangaliona yaliyo ya kuachwa na yaliyo ya kubadilishwa maneno tu, kama Scipio alivyofanya kwa kalamu ya mwandishi. Hawakuuliza. Na slufay nyingi za siku za masay zimekwenda kaburini na waliozijua, pasipo mtu wa kuziandika.

Mwaka 1959 mpaka mwingine ulipita karibu na mashamba ya Karatu, nao ni wa Hifadhi ya Ngorongoro. Huo haukuzungukwa na mzee wala na padre. Uliwekwa kwa sheria. Tembo na nyati hawaujui, nao huvuka usiku wakala mahindi. Lakini mwenye mifugo aujua sana. Vigango vilivyo kandokando ya msitu vikiandamana kuombea mashamba, watu hufika ukingoni mwa miti, na hapo hawana budi kugeuka. Pale mtu huona wazi kabisa maana ya duara.

Mwalimu yule tulimpa karatasi hizi azisome kabla hazijapigwa chapa. Alizisoma mara mbili, akasema ya kuwa habari za Cato atawafundisha watoto wa darasa la saba. Kisha akatusimulia jambo ambalo hakututajia siku ya kwanza. Babu yake, baada ya kubatizwa, kila mwaka siku ya kwanza ya kupanda aliamka kabla ya jua, akazunguka shamba lake mara moja, mikono mitupu, akisema Baba Yetu kwa sauti ndogo. Wajukuu walimwona wakiwa mlangoni. Kwa padre hakusema kamwe.